Jukwaa Lisigeuzwe Zahanati

Kila ninaposoma tangazo la ziara ya mwanamuziki wa Kiinuit, yaani wa jamii ya asili ya Aktiki, hukuta wasifu wake umepangwa kwa namna ileile: kwanza anaitwa mtunzi na mwimbaji, kisha, kabla hata hujaambiwa anapiga ala gani, anaitwa mtetezi wa jamii yake. Vyeo hivi viwili vimezoeleka kuandamana kiasi kwamba hatuulizi tena hicho cha pili kimetoka wapi wala nani anakilipia. Maoni yangu ni kwamba cheo hicho, hata pale kinapobebwa kwa hiari na kwa heshima kubwa, kimekuwa njia ya kumtwika mtu mmoja kazi ambayo ingepaswa kufanywa na serikali, na kwamba sisi wasikilizaji, tunapoushangilia ushujaa wake, tunasaidia kulifunika pengo lenyewe.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi kwanza kuitazama ardhi anayozunguka msanii huyo. Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada lililopata serikali yake tarehe 1 Aprili 1999, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 2, yaani ni kubwa kuliko Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi kwa pamoja, lakini sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo watu wasiofika 37,000. Watu hao wanaishi katika miji na vijiji 25, na hakuna barabara hata moja inayounganisha kijiji na kijiji, wala inayoliunganisha eneo hilo na sehemu nyingine ya Kanada. Hali ni hiyohiyo katika vijiji vya Nunavik, kaskazini kabisa mwa Quebec. Bendi ya Toronto inayotaka kupiga Ottawa na kisha Montreal hupakia vyombo katika gari na kuondoka asubuhi. Msanii wa Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, hana gari la kumfikisha popote zaidi ya mwisho wa mitaa ya mji wake, kwa hiyo kila onyesho la nje ya hapo ni tiketi ya ndege kwa kila mpigaji pamoja na mizigo ya ala. Kutoka Iqaluit hadi Ottawa ni mwendo wa saa tatu angani, kama kilomita 2,000, na nauli yake mara nyingi huzidi ya mtu anayevuka bahari kutoka Toronto kwenda Ulaya.

Hapo bado hujaitaja hali ya hewa. Dhoruba ya theluji inaweza kufunga kiwanja kidogo cha ndege kwa siku kadhaa, na onyesho la Ijumaa likawa la Jumatatu au lisiwepo kabisa, huku bili ya hoteli ikiendelea kupanda katika vijiji ambavyo chakula cha dukani chenyewe huletwa kwa ndege, au kwa meli katika miezi michache ambayo bahari haijaganda. Gita la mbao likitolewa ghafla kwenye baridi kali na kuingizwa chumba chenye joto hupasuka rangi, na wakati mwingine hupasuka mbao zenyewe, ndiyo maana wapigaji wa huko huliacha ndani ya kasha lake hadi lizoee joto. Ukumbi kwa kawaida ni wa michezo wa shule, au ule wa kijiji. Wazee huketishwa mbele, watoto hukimbia huku na huko hadi miguuni pa mwimbaji, na si ajabu kijiji kizima kuwamo. Nadhani hakuna hadhira duniani inayomfahamu msanii kwa karibu zaidi ya hiyo, na ukaribu huo ni neema na mzigo kwa wakati mmoja.

Muziki wa gita kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit wa huko, si wa jana. Charlie Panigoniak, aliyezaliwa mwaka 1946 na kufariki mwaka 2019, alikuwa mtangazaji wa redio ya taifa huko Rankin Inlet, Nunavut, na vilevile mtunzi ambaye wengi humwita baba wa muziki wa lugha hiyo. Aliimba mambo ya nyumbani, ya familia na ya maisha ya kila siku, kwa upole na ucheshi. Mwaka 1985 vijana wa Igloolik, kijiji cha Nunavut, waliojiita Northern Haze walitoa albamu ya roki kwa Kiinuktitut. Nawataja hawa kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo ya leo kuhusu wasanii wa Kiinuit huwasahau upesi watu walioimba tu kwa kuwa walipenda kuimba.

Aliyeubadilisha upeo wa mambo ni Susan Aglukark. Alizaliwa Churchill, Manitoba, mwaka 1967, akakulia zaidi Arviat, binti wa mchungaji, na alifanya kazi ya tafsiri katika idara ya serikali huko Ottawa kabla muziki haujawa kazi yake. Mwaka 1995 wimbo wake mmoja ulipanda hadi kileleni mwa chati za redio za Kanada na mwaka huohuo akapata Juno, tuzo kuu ya muziki ya Kanada, ya msanii bora mpya anayeimba peke yake. Ghafla mwanamke mmoja kutoka kijiji cha pwani ya ghuba ya Hudson Bay akawa, machoni pa mamilioni ya Wakanada, uso wa watu wote wa Aktiki. Hakuomba uwakilishi huo, lakini hakuukimbia. Aliimba waziwazi juu ya kudhulumiwa kwa watoto na juu ya kujiua wakati ambapo mambo hayo hayakuzungumzwa hadharani, akaanzisha Wakfu wa Arctic Rose unaowasaidia watoto na vijana wa kaskazini kwa njia ya sanaa, na mwezi Februari 2018 alisimama Rankin Inlet mbele ya tume ya taifa iliyochunguza mauaji na kupotea kwa wanawake na wasichana wa jamii za asili, akaeleza dhuluma aliyotendewa yeye mwenyewe alipokuwa mtoto. Ni vigumu kumsifu mtu huyu kupita kiasi.

Hata hivyo, hebu tuyatazame mazingira aliyofanyia kazi hiyo. Nunavut nzima ina hospitali moja, nayo iko Iqaluit. Vijiji vingi vina kituo cha afya kinachoendeshwa na wauguzi, na mgonjwa anayehitaji zaidi ya hapo hupandishwa ndege. Mkakati wa kitaifa wa kuzuia kujiua uliotolewa mwaka 2016 na Inuit Tapiriit Kanatami, jumuiya inayowawakilisha Wainuit wa Kanada, ulieleza kwamba kiwango cha kujiua katika maeneo yao manne ni kati ya mara 5 na mara 25 ya kile cha Kanada kwa jumla. Waraka huohuo haukulitaja tatizo hili kama fumbo la kitamaduni. Uliorodhesha visababishi vinavyoweza kuguswa na bajeti: nyumba zenye msongamano, umaskini, huduma duni za afya ya akili, na majeraha yaliyoachwa na uhamisho wa lazima, shule za bweni ambako watoto walitenganishwa na familia zao, na miaka ambayo wagonjwa wa kifua kikuu walichukuliwa kwa meli kwenda kusini, baadhi yao wasirudi na familia zisijue walikozikwa. Mwezi Machi 2019 waziri mkuu wa Kanada alikwenda Iqaluit kuomba radhi kwa hilo la kifua kikuu.

Katika mahali penye uhaba wa namna hiyo, mwimbaji anaposhuka jukwaani baada ya kuimba juu ya msiba, wenye msiba humfuata. Mama aliyefiwa na mtoto hatangoja mnasihi ambaye labda atafika mwezi ujao, tena hazungumzi Kiinuktitut; atazungumza na yule aliyesema maneno yake mbele ya watu. Na mwimbaji, ambaye huenda mwenyewe amefiwa na ndugu kwa njia hiyohiyo, atasikiliza, kisha kesho atapanda ndege kwenda kusikiliza tena kijiji kinachofuata.

Siwezi kuandika haya bila kumtaja Kelly Fraser. Alizaliwa Igloolik, akakulia Sanikiluaq, kijiji cha visiwani ndani ya Hudson Bay, na mwaka 2013 vijana wa kaskazini walimjua kwa wimbo wa Rihanna alioufasiri kwa Kiinuktitut. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwania Juno. Alifundisha vijana kutunga nyimbo, alisema hadharani juu ya ukoloni na juu ya afya ya akili, na alichangamka kuliko wengi jukwaani. Alifariki Winnipeg tarehe 24 Desemba 2019, akiwa na miaka 26. Familia yake haikuficha kwamba alijitoa uhai. Ilieleza kwamba kwa miaka mingi aliishi na msongo uliotokana na majeraha ya utotoni, ubaguzi na kuandamwa kwa matusi mtandaoni, na kwamba alikuwa akitafuta msaada. Mimi si daktari, wala sidai kwamba ziara na warsha ndizo zilizomuua. Ninalosema ni kwamba mtu huyu, ambaye mwenyewe alihitaji kuhudumiwa, tulikuwa tukimwita chemchemi ya matumaini ya wengine.

Kusini mzigo hubadilika sura. Huko msanii wa Kiinuit hukutana na hadhira inayotaka kuelimishwa, na baada ya nyimbo huja maswali kuhusu barafu inayoyeyuka, kuhusu dubu, kuhusu sili, mnyama wa baharini ambaye Wainuit humwinda kwa nyama na ngozi. Hili la sili ndilo linaloudhi zaidi. Jumuiya ya Ulaya ilipopiga marufuku ngozi za makinda ya sili mwaka 1983, na Umoja wa Ulaya ulipoongeza marufuku ya bidhaa za sili mwaka 2009, Wainuit walipewa msamaha kwenye karatasi, lakini soko lililoporomoka halikuwabagua, na familia za wawindaji zilipoteza kipato. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1972 ya kuwalinda mamalia wa baharini, huzuia kwa kiasi kikubwa bidhaa hizo kuingia, hivyo mwimbaji anayevuka mpaka kwenda kupiga New York inabidi afikirie mara mbili kuhusu viatu na vazi aliloshonewa na mama yake. Tanya Tagaq wa Cambridge Bay, anayetumia uimbaji wa kooni kwa namna yake mwenyewe, aliweka mtandaoni mwaka 2014 picha ya mtoto wake mchanga kando ya sili aliyewindwa, akamiminiwa matusi na vitisho. Mwaka huohuo alishinda Polaris, tuzo ya albamu bora ya Kanada, na usiku wa sherehe majina ya wanawake wa jamii za asili waliouawa au kupotea yalipita kwenye skrini nyuma yake alipokuwa akiimba. Alipopokea tuzo aliutetea uwindaji wa sili kwa maneno makali. Kwa kweli, hakuna mshindi wa tuzo hiyo wa kizungu aliyewahi kutarajiwa kujibu maswali kuhusu mlo wa wazazi wake.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo si dogo. Litasema kwamba kuisemea jamii ni kazi ya kale ya mwimbaji, na kwamba kumtenga mtunzi na utetezi ni mawazo ya watu wa soko la muziki. Ni kweli kwamba miongoni mwa Wainuit zamani watu wawili waliogombana waliweza kuimbiana mbele ya wenzao kwa ngoma, kila mmoja akimsuta mwenziwe kwa tungo, hadi hasira ikapungua au mmoja akaona aibu. Msomaji wa Kiswahili anayejua malumbano ya washairi hatashangaa hata kidogo. Ni kweli pia kwamba wamisionari walizipiga vita ngoma hizo na uimbaji wa kooni, kwa hiyo kusimama leo na kuimba ni utetezi hata kama wimbo wenyewe unahusu kuchuma matunda. Yote hayo nayakubali. Lakini katika utaratibu ule wa kale kijiji kizima kilikuwapo kabla ya wimbo na baada yake, na mwimbaji hakuwa daktari, mwanasheria na mwakilishi wa taifa kwa usiku mmoja. Aliimba, wengine wakafanya sehemu yao.

Ndiyo maana nilifurahi, labda kuliko ilivyostahili, albamu ya Elisapie ya mwaka 2023 ilipotoka. Mwanamke huyu wa Salluit, Nunavik, alichukua nyimbo za Blondie, Queen, Pink Floyd na Metallica alizokua nazo kijijini akaziimba kwa Kiinuktitut, polepole, kana kwamba zilitungwa huko. Kuna huzuni ndani yake, na kuna watu wake waliokufa ndani yake, lakini hakuna hotuba. Msikilizaji ndiye anayelazimika kujisogeza.

Basi waandaaji wa matamasha, wa kaskazini na wa kusini, waanze na mikataba. Warsha ya vijana ilipwe kama kazi inayojitegemea, isifichwe ndani ya malipo ya onyesho. Fedha za umma zinazotolewa kwa ziara za vijijini zigharimie tiketi ya mnasihi anayezungumza lugha ya wenyeji, abaki kijijini baada ya ndege ya wanamuziki kuondoka, na serikali ya Kanada na ile ya Nunavut zimfanye awepo hata pale ambapo hakuna tamasha. Na msanii wa Kiinuit atakayetaka kuimba nyimbo za mapenzi tangu mwanzo hadi mwisho apewe jukwaa lilelile kwa malipo yaleyale, bila kuulizwa swali hata moja kuhusu kujiua.