Dharura haisubiri barua ya rejista

Fungua mkataba wowote wa huduma au wa ujenzi, nenda kurasa za mwisho, utakikuta kifungu cha notisi: taarifa zote ziwe za maandishi, zipelekwe kwa mkono au kwa rejista, na zihesabiwe zimepokelewa siku 3 za kazi baada ya kutumwa. Kwa madai ya fedha hakina ubaya. Mikataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya 1999, kwa mfano, humpa mkandarasi siku 28 kutoa notisi ya dai, na siku 14 kwa tukio lililo nje ya uwezo wake. Hizo ni saa za pesa, si za moto. Makosa huanza pale kifungu hicho hicho kinapoachiwa kibebe gesi inayovuja au seva zilizovamiwa. Dharura istahili kifungu chake, pamoja na kiambatisho cha ukurasa 1 ambacho mlinzi wa zamu ya usiku anaweza kukifuata bila kuwahi kuuona mkataba wenyewe.

Neno linaloviharibu vifungu hivi ni "mara moja". Mara moja tangu lini? Tatizo lilipoanza, lilipogunduliwa, au lilipothibitishwa? Mhandisi atataka kuthibitisha kwanza, na uthibitisho unaweza kumeza usiku mzima. Muda uanze kuhesabiwa pale mfanyakazi yeyote wa upande husika anapokuwa na sababu ya kushuku, nao uandikwe kwa tarakimu: simu ndani ya dakika 15, maandishi ya kuthibitisha ndani ya saa 24. Hata GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, ina pengo hapa. Kifungu cha 33 kinamtaka mwenye dhamana ya data aijulishe mamlaka ndani ya saa 72, inapowezekana, tangu ajue data imevuja, lakini kampuni inayochakata data kwa niaba yake inaambiwa tu isichelewe bila sababu. Pengo hilo hujazwa na mkataba. Mimi ningeandika saa 24, nisingeongeza hata moja.

Na tukiwa kwenye habari ya saa: sisi tunajua "saa mbili usiku" ni saa ngapi, lakini mwenzako anayesoma tafsiri ataiweka pengine kabisa. Andika 20:00 na utaje ni saa za eneo lipi.

Anayepigiwa atajwe kwa cheo, si kwa jina, kwa sababu watu huhama kazi na mikataba hubaki. Msimamizi wa zamu kwanza. Asipopokea ndani ya dakika 10, meneja wa kituo. Dakika 10 nyingine, mkurugenzi wa shughuli. Nambari zikae kwenye kiambatisho ambacho kila upande unaweza kukibadilisha kwa barua yake peke yake, bila kusubiri saini mbili. Ila mlango huo huo matapeli wanaujua: badiliko lolote lithibitishwe kwa kupiga nambari ya zamani, na anayepokea amri nzito kwa simu akate, kisha apige mwenyewe nambari iliyo kwenye kiambatisho, si ile iliyompigia.

Njia ya pili isitegemee umeme, mtandao wala kampuni ya njia ya kwanza. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa 6, na zana za ndani ambazo wahandisi wangezitumia kurekebisha zikazimika nazo. Mkataba unaosema "taarifa kwa baruapepe, na baruapepe ikishindikana, kwa kundi la WhatsApp" una njia moja tu, kwa kuwa zote mbili zinapita kwenye intaneti. Mtandao wa simu ukisongamana, ujumbe mfupi mara nyingi hupenya pale ambapo sauti inakataa, lakini hakuna anayedhamini kwamba utafika. Kwa hiyo kutuma kusihesabiwe kuwa kupokelewa. Anayepokea ajibu, la sivyo ngazi inayofuata ipigiwe. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na kiolezo kikiandaliwa mapema zinatosha:

"DHARURA 1. Amonia inavuja chumba cha baridi 3. Imeanza 02:10. Watu wametolewa. Fungeni vali kuu upande wenu. Jibu NIMEPATA. Tukio 014."

Lakini hata nambari zikiwa sahihi, watu hawapigi. Hawapigi kwa sababu wanaogopa kwamba sentensi ya kwanza watakayoitamka itarudi mahakamani kama ushahidi wa kukiri. Ndiyo maana taarifa ya kwanza huja imechelewa na imechujwa: "tunachunguza hitilafu ndogo". Dawa ni sentensi moja ambayo wanasheria wengi huisahau: "Taarifa ya dharura iliyotolewa kwa nia njema si kukiri kosa wala dhima, na haiondoi wajibu wa kutoa notisi rasmi kwa muda uliowekwa." Nusu ya mwisho ni ya lazima. Bila hiyo, mtu atapiga simu usiku, adhani amemaliza, na siku ya 29 agundue kwamba dai lake limekufa.

Kitu kingine ni mamlaka. Aliyepokea simu awe na ruhusa, kimaandishi, ya kusimamisha kazi na kutumia fedha hadi kiwango kilichotajwa bila kumwamsha mtu, na mkataba useme nani atalipa gharama hizo baadaye. Zamu isiyo na ruhusa hiyo hupokea simu, huandika kwenye daftari, na husubiri asubuhi.

Weka pia sharti la majaribio kila miezi 3, usiku, bila kutangaza saa, na matokeo yaandikwe. Yanayojitokeza ni yale yale: nambari inaishia kwenye sauti ya mashine, laini imefungwa kwa kukaa bila salio, aliyepokea haijui lugha ya aliyepiga. Na simu ya setilaiti imefungiwa kabatini, wakati antena yake inahitaji kuona anga.