Jinsi Nilivyoihamishia Mpwapwa Hispania

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake ninalisitiri kwa sababu bado ananidai, ameshasambaza kwenye makundi ya WhatsApp habari kwamba nimetangaza kipindupindu Ulaya, naona ni heri niieleze mwenyewe kabla haijafika kwa wakwe. Toleo lake limetiwa chumvi. Si kweli kwamba nilizimia. Niliketi tu, mahali ambapo kiti hakikuwapo.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Ninatengeneza dashibodi za takwimu za afya, yaani zile kurasa zenye ramani, grafu na nukta za rangi zinazomwezesha mkubwa kuijua hali ya magonjwa bila kufunua vitabu vya MTUHA, yaani rejista za takwimu za vituo vya afya, kimoja baada ya kingine. Safari hii ilikuwa dashibodi ya majaribio ya ufuatiliaji wa magonjwa kwa vituo vya Dodoma, na niliionyesha katika kikao cha kupitia takwimu, katika ukumbi nisioutaja, mbele ya waganga wafawidhi, waratibu wa chanjo, maofisa afya, na Mwenyekiti, daktari mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliyeanza kujaza fomu za takwimu kwa mkono enzi ambazo mimi mwenyewe nilikuwa kijistari kimoja kwenye kitabu cha kliniki.

Ukurasa wa kwanza, wa chanjo, ulipita salama salimini. Hata kata iliyoonekana imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake haikuzua maswali, kwa sababu kila aliyekuwamo ukumbini anajua kwamba idadi ya watoto wanaotarajiwa ni makadirio yanayotokana na sensa, na kwamba mama mwenye mtoto mgongoni huenda kwenye kliniki iliyo karibu naye bila kujali mpaka wa kata umepita wapi. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika, mimi nikalegeza tai, na hapo ndipo kiburi kiliponiingia.

Nilikuwa nimewaandalia jambo la kuwashangaza. Kwa kipindupindu, mgonjwa mmoja tu anayeshukiwa hutakiwa aripotiwe ndani ya saa 24, na mmoja aliyethibitishwa na maabara anatosha kuhesabiwa kuwa ni mlipuko. Kwa hiyo nilipanga kwamba mgonjwa wa namna hiyo akiingizwa kwenye mfumo, nukta ya kituo chake iwake na kuzima kwa rangi nyekundu, na papo hapo ujumbe mfupi uende kwenye simu za wahusika wote. Nikamwingiza mgonjwa wa kubuni katika zahanati moja ya Mpwapwa. Namba za simu nilizichukua asubuhi kwenye karatasi ya mahudhurio, ambayo wajumbe walikuwa wameijaza kwa mwandiko mzuri usio wa kawaida, wakiamini kwamba ni ya posho. Sikuwasahihisha. (Msinitazame hivyo, nani kati yenu angewasahihisha?)

Nikabofya palipoandikwa Ramani.

Mtandao wa ukumbi ule ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo ramani haikufunguka mara moja, bali ilijitokeza kipande kwa kipande, kila kipande kikichukua muda wa kutosha mtu kukohoa na kumwangalia jirani yake. Kipande cha kwanza kilikuwa cha buluu tupu. Mwenyekiti akainama mbele, akavaa miwani, akauliza kwa upole: "Hilo ni Bwawa la Mtera?"

Ndugu zangu, hapa ndipo mwenye busara angesema subirini kidogo. Mimi nilisema, "Naam, Ndugu Mwenyekiti, hilo ni Mtera."

Kipande cha pili kikaja, nacho ni buluu. Cha tatu, buluu. Mtera ikazidi kutanuka hadi ikaniogopesha. Nukta zangu zikaanza kutua moja moja juu ya maji yale, za kijani, nzuri, zenye vivuli ambavyo nilikesha nikivichora, na mtu mmoja wa safu ya nyuma akataka kujua kama hizo ni zahanati za wavuvi. Kisha nchi kavu ikaonekana juu na chini, na katikati yake mlango mwembamba wa bahari, na kando ya maji jina la mji likajiandika kwa herufi za Kiarabu. Afisa afya mmoja, ustadhi, akalisoma kwa sauti ya kuhitimisha: "Tanja." Jirani yake akadakia kwamba ni Tanga, tena akaanza kueleza kuwa ana shemeji huko. Ustadhi akamwambia hapana, Tanja, ya Moroko. Upande wa juu, herufi kwa herufi, likatokea neno Cádiz, mji wa Hispania.

Nje kidogo ya Cádiz, baharini, nukta nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima. Pembeni yake, kwa maandishi makubwa niliyoyachagua mwenyewe ili yasomeke hata kutoka mlangoni, palisomeka: Mpwapwa.

Nilikuwa bado ninatafuta la kusema wakati simu zote za ukumbini zilipolia kwa pamoja. Sijapata kuona nyuso zikinawiri namna ile. Watu walijipapasa mifukoni na kwenye mikoba kwa bashasha ya waliosikia posho imeingia, wakafungua, na nikashuhudia tabasamu zikinyauka safu kwa safu: TAHADHARI. Mgonjwa 1 anashukiwa kuwa na kipindupindu. Umbali wa kituo kutoka makao makuu ya mkoa: kilomita elfu sita na ushei. Timu ifike eneo la tukio mara moja.

Mama mmoja muuguzi, mfawidhi wa zahanati kulekule Mpwapwa, akasimama taratibu, akajifunga vizuri mtandio wake, akasema: "Mwanangu, mimi sina ugomvi na uhamisho, serikali ikiamua nakwenda. Lakini barua sijapewa, na posho ya kujikimu nitaidai kwa nani?"

"Mama, hiyo ni ramani tu."

"Nimeona, baba. Ndiyo maana nauliza."

Nilivyoshuka kukaa mnajua.

Sababu yenyewe, kwa wale watakaonifuata faraghani kuiulizia, ni ya kitaalamu na haichekeshi hata kidogo. Shuleni tulifundishwa kutaja latitudo kwanza, longitudo baadaye, na baadhi ya programu za ramani hufuata utaratibu huo. Faili za GeoJSON, aina ya faili za kuhifadhia alama za ramani, kwa kanuni zake za mwaka 2016, huweka longitudo mbele. Faili ikiandikwa kwa utaratibu mmoja na kusomwa kwa mwingine, kompyuta haisemi kitu. Mji wa Dodoma upo takribani nyuzi 6.17 kusini na 35.74 mashariki, na kwa kompyuta kusini na magharibi huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo zigeuze namba hizo na unapata 35.74 kaskazini na 6.17 magharibi, yaani ndani ya Atlantiki, magharibi kidogo ya Tanja. Kongwa inaangukia pwani ya Hispania, mahali ambapo watu hulipa fedha nyingi kwenda kupumzika. Bahi inabaki Afrika, ila ni mashambani Moroko.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo rafiki yangu haisimulii, kwa sababu wakati huo alikuwa nje akicheka.

Vicheko vilipopungua, Mwenyekiti aliniomba niirudishe ramani nyuma ili angalau tuione Tanzania kwa mbali. Nikaipunguza, mabara yakajitokeza, na pale kwenye Ghuba ya Guinea, chini kabisa ya Ghana, nukta moja ya kijani ilikuwa imetulia peke yake baharini. "Na huyu?" akauliza. Nikaeleza kwamba hicho ni kituo ambacho alama zake za GPS hazikujazwa, kwa hiyo programu imelichukua pengo kuwa ni sifuri, na latitudo sifuri ikikutana na longitudo sifuri ni pale baharini, ambapo kwa hakika hakuna zahanati, ila liliwahi kuwekwa boya la kupimia hali ya hewa.

Mwenyekiti akavua miwani. "Kwa hiyo, kijana, kwako pengo ni sifuri."

"Kwa alama za GPS, ndiyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Na kwa wagonjwa? Hivi vituo vyote vya kijani, vimeripoti kwamba havina mgonjwa, au havijaripoti?"

Ukumbi ulinyamaza kweli sasa, na katika ukimya ule nilitamani sana turudi Hispania. Kila mtu pale alijua tofauti. Kituo kinachotuma ripoti ya sifuri kina mtu aliyefungua kitabu, akahesabu, akakuta hakuna, akatuma. Ndiyo maana mfumo wa ufuatiliaji unataka sifuri itumwe kila wiki kama inavyotumwa mia. Kituo kilichonyamaza huenda hakina mtandao, huenda mhudumu wake yupo likizo, na huenda wagonjwa wamejaa hadi kwenye korido, hana hata nafasi ya kushika simu. Dashibodi yangu ilivipaka vyote rangi moja, kijani kibichi cha amani, na mimi nilikuwa nimeisifia rangi hiyo kwenye utangulizi.

Mimi, fundi wa takwimu, nilijibu, "Nitafuatilia."

Yaliyofuata ni mafupi. Nililipa soda za meza kuu. Namba za GPS zilikaa sawa kabla chai haijapoa, kwani ni kazi ya kubadilisha nafasi ya maneno mawili. Suala la pengo lilinikalisha hadi usiku, na vituo visivyoripoti sasa vina rangi ya kijivu, jambo lililoifanya ramani yangu nzuri ionekane imeingiwa na ukungu sehemu kubwa. Mwenyekiti aliponiona nimenuna alisema hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya kwangu anayoiamini. Mama wa Mpwapwa hunipigia kila Jumatatu baada ya kutuma ripoti yake ya wiki, ananiuliza kama bahari imetulia.

Barua ya mwaliko wa kikao kijacho imefika jana. Inamwelekeza mtoa mada aje na ramani zilizochapwa kwenye karatasi, na inasisitiza, kwa wino uliokolezwa, kwamba namba za simu za wajumbe zitakusanywa na mhasibu peke yake.