Neno "run" na pampu iliyonusurika

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha maelekezo ya pampu ya maji. Kurasa kumi na mbili, michoro mingi, maneno machache, malipo si haba. Nikajiambia hii naimaliza jioni moja. Nikafika kwenye onyo lililoandikwa kwa herufi nene: "Do not let the pump run dry." Nikaandika bila kusita: "Usiache pampu ikauke." Nikafungua ukurasa uliofuata.

Bahati njema, kabla ya kuchapwa kijitabu kilipitia kwa fundi. Akanipigia simu. "Ndugu yangu, hapa unataka watu wafanye nini? Wailoweke?" Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Akanieleza kwamba maji yanayopita ndani ya pampu ndiyo yanayoipoza sili yake, yaani kile kinachozuia maji yasivuje. Ukiiwasha wakati hakuna maji, sili inaungua na pampu inaanza kuvuja. Kwa hiyo onyo lilisema: usiwashe pampu bila maji. Maneno manne, na mimi nilikuwa nimepatia moja tu, "pampu".

Tangu siku hiyo nina ugomvi wa kudumu na neno "run". Geuza maneno mawili ya onyo lile uone linavyokuchezea: "run dry" ndiyo hiyo ya pampu kuwashwa bila maji, au kisima kukauka, lakini "dry run" ni jaribio, yale mazoezi mnayofanya kabla ya shughuli yenyewe. Maneno ni yaleyale, na hakuna kinachoungua.

Kumbe sikuwa peke yangu. Mwaka 2011 habari zilienea kwamba Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa Oxford English Dictionary, kamusi kubwa ya Kiingereza, alikuwa ametumia miezi tisa akishughulika na "run", na kwa kitenzi peke yake akatoka na maana 645. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", ambalo katika toleo la mwaka 1989 lilipewa maana 430 na maelezo ya maneno kama 60,000. Hicho ni kitabu kizima kuhusu neno la herufi tatu.

Wengi wakisikia takwimu hizo husema Kiingereza ni kigumu, au ni tajiri mno, wakaishia hapo. Mimi naona hesabu hiyo inatisha kuliko hali yenyewe. Pua "ina-run": makamasi yanatiririka. Rangi ya nguo "ina-run": inachuja. Basi "lina-run" kila baada ya nusu saa. Programu "ina-run" kwenye kompyuta. Gazeti "lina-run" habari, maana yake limeichapisha. Ndani ya zote hizo kuna kitu kimoja kinachoenda, hakijasimama. Mtu, mnyama na maji walianza, halafu zikaja mashine na treni, kisha kompyuta, na kila kipya kilichoweza kwenda kikapanda gari hilohilo. Neno halikubadilika sana. Abiria ndio walioongezeka. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wenzake linaoandamana nao, na sijaona neno linalomthibitisha kuliko hili.

Hata Waingereza na Wamarekani hawakubaliani nalo. Anayetaka ubunge Uingereza "anasimama". Anayetaka urais Marekani "anakimbia". Sisi tunasema anagombea, na ukitazama kampeni nyingi zinavyokwenda, nadhani tuliochagua kitenzi cha ukweli ni sisi.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, yaani visawe. Tumefundishwa kwamba dawa ya neno lenye maana nyingi ni kulikwepa: usirudie "run", tafuta kisawe chake. Kijana mmoja aliwahi kuniletea barua ya kuomba kazi nimpitishie macho. Alikuwa amesimamia duka la mjomba wake kwa miaka miwili, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa: "I ran my uncle's shop." Akaona "ran" ni neno la kitoto. Akafungua orodha ya visawe, akakuta "execute", ambalo kweli ni kisawe cha "run" unapozungumzia programu ya kompyuta. Akaliweka. Barua ikawa inasema "I executed my uncle's shop." Kwa msomaji wa Kiingereza, kijana huyu alilihukumu duka la mjomba wake adhabu ya kifo na akaitekeleza kwa mkono wake.

Simlaumu. Orodha haikumwambia kwamba visawe vya "run" havijuani wao kwa wao. "Manage" ni wa duka na kampuni. "Flow" ni wa maji. "Sprint" ni wa mwanariadha wa mita 100. "Flee" ni wa anayeokoa roho yake. Kuwaweka wote kwenye mstari mmoja, wametenganishwa na mikato tu, ni kama kuorodhesha watu wanaofahamiana na mtu mmoja ukadhani wao ni ndugu. Peter Mark Roget, daktari aliyechapisha kamusi maarufu ya visawe mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 73, aliyapanga maneno kwa mawazo, si kwa alfabeti. Kitabu cha namna hiyo kinamfaa mtu anayelijua neno ila limemtoroka kwenye ncha ya ulimi. Sisi tunakiingia kama duka la mitumba: hili linang'aa, nalichukua, litanitosha mbele ya safari.

Na visawe vingi vya Kiingereza vina tofauti ya uzito hata pale vinapolingana maana. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kilikaa juu ya Kiingereza, na Kilatini cha wasomi kikakaa juu ya vyote viwili. Ndiyo maana kuna "ask", "question" na "interrogate". Mama anakuuliza la kwanza. La mwisho ukilisikia, tafuta wakili. Kwetu hali si tofauti: uliza, hoji, saili. Hakuna anayemsaili jirani yake kama ameamka salama.

Ndiyo maana wanaolicheka "run" huwa nawauliza kuhusu "piga". Tunapiga simu, pasi, picha, kura, mswaki, magoti, hodi, chafya, deki, mbizi na hatua, na katika hayo yote hakuna aliyeumia. Au tukibaki kwenye mbio zenyewe: kimbia, kimbilia, kimbiza. Umemkimbia mtu, umemkimbilia, umemkimbiza. Mambo matatu yasiyofanana kabisa, na kilichobadilika ni mwisho wa neno tu. Kutoka hapo tuna mkimbizi na kimbilio. Mwingereza anayejifunza Kiswahili naye ana usiku wake wa kukosa usingizi, na akifungua kamusi ya visawe atakuta "timka", "toka nduki" na "chanja mbuga", achague mwenyewe lipi aliandike kwenye barua ya kuomba kazi.

Wiki iliyopita nimeletewa kazi nyingine, kurasa nane za maelekezo ya jenereta. Neno "run" lipo kwenye sentensi ya kwanza, na kwenye ukurasa wa pili limetokea mara tano. Nimempigia fundi wangu kabla sijafungua kamusi. Ameuliza kama safari hii nitawaambia watu wailoweke.