Usiikimbize Impreza kwenye alaimenti kabla viungo vya steringi havijakaza

Kampala tuna tabia moja inayomaliza tairi za watu. Gari likianza kuvuta upande, linapelekwa moja kwa moja kwenye mashine ya alaimenti, ya kupanga uelekeo wa tairi. Kijana anafunga vioo kwenye rimu, skrini inageuka kijani, unalipa, unaondoka. Baada ya wiki mbili usukani umepinda tena, na lawama zote zinaiangukia mashine. Mashine haina kosa. Ilipima tairi zilizoshikiliwa na viungo vilivyochoka, na kiungo kilichochoka kinakupa kipimo kimoja gari likiwa limesimama, kingine likishaanza kukimbia.

Naandika nikiwafikiria wenye Subaru Impreza WRX za 2001 hadi 2007, gari ambalo wengi wetu tulilipenda kwa kuliona kwenye mbio za magari za Pearl of Africa Rally. Sheria ya Uganda ya 2018 ilikataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo zilizopo ndizo hizo, na raba zake zimezeeka. Msimamo wangu: badilisha viungo mwenyewe nyumbani, kisha panga tairi kwa uzi wa fundi mwashi. Ukipima kwa subira, utapata matokeo mazuri kuliko ya mashine inayoendeshwa na mtu mwenye foleni ya magari kumi nyuma yako.

Anza kwa kutafuta mchezo, yaani ulegevu wa viungo. Gari likiwa chini kwa tairi zake zote nne, mtu mmoja autikise usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo tu, na wewe uweke vidole kwenye maungio ya tairodi endi (kiungo cha ncha ya tairodi, fimbo inayosukuma tairi) na mkono wa nakoli (chuma cha upande wa tairi kinachosukumwa na fimbo hiyo). Kiungo kibovu utakisikia kikigonga vidoleni kabla sikio halijasikia kitu. Kisha shika buti la raba la raki (chuma cha steringi kinachosogea kushoto na kulia) na ulifinye hadi uishike raki endi, kiungo cha ndani cha fimbo ile. Nayo ikigonga, ina zamu yake. Baada ya hapo nyanyua gari, lipumzishe kwenye stendi za chuma (si matofali, tafadhali), ushike tairi juu na chini. Likicheza hivyo, tazama bearingi au boli jointi ya chini, kwa sababu tairodi huonyesha mchezo wake ukishika ubavuni. Usisahau bushi (raba) za kontrol am, mkono wa chini unaoshikilia tairi, hasa ile kubwa ya nyuma. Ikipasuka, tairi zima linarudi nyuma kila unapofunga breki, na hakuna alaimenti itakayokaa.

Spea kwenye soko la Kisekka, Kampala, zipo tele, na feki zipo tele vilevile. Boksi lenye maandishi ya Kijapani si ushahidi wa kitu. Ichukue tairodi endi mkononi uizungushe shingo yake: nzuri inakuwa nzito na laini kwa pamoja, haianguki yenyewe upande, na haikwami mahali. Raba iwe na grisi ndani. Nati na pini yake viwe ndani ya boksi. Nunua mbili, kushoto na kulia, hata kama inayogonga ni moja.

Kuitoa ndiko kunakoharibu mambo. Legeza kwanza nati ya kufungia (ile inayozuia kiungo kisijizungushe kwenye fimbo) wakati kiungo bado kimeshikwa na nakoli, maana ukishakitoa kinazunguka na hutapata nguvu. Chomoa pini, rudisha nati ya kiungo hadi ilingane na ncha ya uzi wa bolti yake, kisha tumia puli ya viungo. Huna puli? Gonga ubavu wa mkono wa nakoli kwa nyundo nzito, mapigo mawili matatu ya nguvu, na koni (shingo ya kiungo iliyobana kwenye tundu) itaruka yenyewe. Ukigonga ncha ya uzi unaufumua, na ile uma ya kupasulia, chuma chenye meno mawili cha kutenganisha kiungo, inachana raba, hivyo ni ya kiungo unachokwenda kukitupa tu.

Watu huhesabu mizunguko wakati wa kufungua ili wafunge kipya kwa hesabu ileile. Si vibaya, ila kiungo kipya kinaweza kuzidi au kupungua milimita kadhaa kwa urefu. Kabla ya kufungua, chora alama kwenye fimbo, upime kutoka katikati ya kiungo hadi hapo, na ukifunga kipya urudie kipimo hicho. Nati ya koni ya Subaru inakazwa kwa Nm 27 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu unaongeza kidogo, usizidi digrii 60 za mzunguko, mpaka tundu la pini lionekane. Usiirudishe nyuma kutafuta tundu. Koni ikizunguka pamoja na nati, isukume kutoka chini kwa jeki ndogo ikae. Pini iwe mpya.

Ukibadilisha raki endi, tafuta na buti jipya, kwa sababu vumbi la barabara ya murram likichanganyika na maji ndani ya buti lililochanika linasaga raki yenyewe, na raki ndiyo ghali.

Sasa kupanga. Nyua nyingi za Kampala zina mteremko, kwa hiyo azima ule mpira wa maji unaoona ndani ambao waashi hupimia usawa, uone tairi ipi imekaa chini, uinyanyue kwa vigae vya sakafu. Chini ya kila tairi la mbele weka vigae viwili vilivyotazamana uso kwa uso na grisi katikati, ili tairi liteleze badala ya kuuma sakafu. Jaza upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Gari likitoka kwenye jeki, lisukume mbele na nyuma mita kadhaa kabla halijapanda vigaeni, ulitikise kwa kulikandamiza, likae kwenye springi zake. Nyoosha usukani, uufunge usicheze.

Kata paipu mbili za plastiki za nyaya za umeme, kila moja mita 2.1, na uzitie alama za kushikia uzi zilizoachana mita 2 kamili. Moja mbele ya gari, moja nyuma, kwa kimo cha katikati ya tairi. Nyuzi mbili zikifungwa hapo haziwezi kuacha kuwa sambamba. Sogeza paipu hadi umbali wa uzi na kitovu cha rimu ulingane kushoto na kulia kwa mbele, kisha kushoto na kulia kwa nyuma. Mbele na nyuma si lazima vilingane, upana wa gari si mmoja.

Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya tairi lilelile. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, tairi linatazama ndani. Kwa rimu ya inchi 17, tofauti ya milimita 1 ni kama dakika 7 na nusu za pembe (dakika 60 ni digrii moja). Rimu zetu zimekutana na mashimo yale yale ya barabara za Kampala ambayo watu waliyaonyesha mitandaoni Aprili 2023, kwa hiyo tairi lisukumwe nusu mzunguko, upime tena, uchukue wastani. Bila hivyo unaipima rimu iliyopinda.

Lengo la mbele ni sifuri, yaani tairi zisitazame ndani wala nje; kiwanda kinaruhusu milimita 3 kwenda huku au huku. Anayekuambia ufungue tairi nje ili gari liingie konani kwa ukali anazungumzia siku ya mbio, si barabara ya Jinja. Ukingo wa ndani wa tairi zako utalipa. Kwenye Impreza raki iko nyuma ya ekseli, hivyo kurefusha tairodi kunaingiza tairi ndani. Zungusha fimbo robo robo tu, kwani mzunguko mzima unasogeza rimu karibu milimita 5. Legeza klipu ndogo ya buti kwanza, ama buti litajisokota na kuchanika. Usukani ukiwa umepinda kulia gari likienda moja kwa moja, refusha kushoto na ufupishe kulia kwa kiasi kilekile. Kaza nati ya kufungia kwa takriban Nm 85, kisha pima tena, kwa kuwa kukaza nako kunasogeza.

Tairi za nyuma hupangwa kwa bolti yenye kisahani kisicho na katikati sawa, na kwenye gari lililotumika Hokkaido imeganda kwa kutu ya chumvi. Loweka mafuta usiku kucha kabla ya kuigusa. Kemba ya mbele (tairi kuinamia ndani au nje kwa juu) inarekebishwa kwa bolti ya juu inayoshika shokapu. Ukiigusa, rudi kwenye uzi, kwa maana tou (tairi kutazama ndani au nje) imehama nayo. Kasta (mwinamo wa mhimili ambao tairi hugeukia) pekee ndiyo ningekwenda kuipima mashineni.

Jaribio lifanyike barabara ya kasi ya Entebbe, chini ya kilomita 100 kwa saa, bila kuuachia usukani kabisa: ulegeze vidole tu. Likivuta, badilishana tairi za mbele kushoto na kulia kabla ya kugusa tairodi. Mvuto ukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi. Baada ya kilomita mia moja hivi, shika tena spana na ukague nati zote nne za tairodi.