Unasali wapi, mwanangu?

Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya haina haja ya kuelezwa. Mama mwenye nyumba alikuwa amejitanda kitenge juu ya sweta, mikono ameificha kwapani. Dalali amesimama pembeni anasubiri chake. Mama alishaniuliza kwetu wapi, nafanya kazi gani, nina mke au sina. Akanyamaza kidogo, akanitazama viatu, kisha akauliza:

"Unasali wapi, mwanangu?"

Chumba na sebule, Ilomba. Luku ya peke yangu, bomba uani, kodi ya miezi sita. Siku ya nne hiyo nalala gesti na mabegi yangu. Nyuma ya mama, ukutani sebuleni, niliona kalenda ya kanisa.

"Moravian, mama."

Nililelewa Kilutheri, Njombe. Nilipata kipaimara, nikaimba kwaya ya vijana, nikaacha. Sikugombana na Mungu wala na mchungaji. Imani ilinitoka kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai, anapunguza kijiko, anapunguza nusu, siku moja akiwekewa anashangaa alikuwa anainywaje. Tangu nimalize chuo, kanisani nilikuwa naingia kwa harusi na misiba tu. Ningesema "Mlutheri" ungekuwa walau nusu ya ukweli, na nadhani mama asingekataa. Lakini kalenda ilinijibia kabla sijafikiri. Akacheka, akaingia ndani kuchukua funguo. "Basi Jumapili tutaongozana."

Tuliongozana kwa miaka miwili na kidogo.

Niseme mapema kwamba huku kwetu Nyanda za Juu Kusini swali hili haliulizwi kwa ubaya. Zamani mgeni aliulizwa ni mtoto wa nani, na jibu lilitosha kumweka mahali pake. Leo anayeshuka stendi ya Nanenane na begi anaweza kuwa ametoka Sumbawanga au Songea, ukoo wake haumwambii mtu kitu. Ukimuuliza anasali wapi, umepata mahali pa kumshika, kwa sababu kuna mchungaji anayemjua, kuna jumuiya itakayomzika. Serikali yenyewe iliacha. Sensa ya mwisho kuuliza dini ya mtu ilikuwa ya 1967. Mei Mosi ya 1995 Mwalimu Nyerere alisimama Uwanja wa Sokoine, hapahapa mjini, akakemea udini mchana kweupe. Lakini sensa haipangishi vyumba.

Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya uongo wa dini hutengenezwa na anayeuliza. Mtu akiuliza imani yako huku ameshika funguo za chumba, barua ya ajira au mkono wa binti yake, amekwisha kutaja bei, na wewe unalipa kwa fedha uliyo nayo. Nimewaona wanaolipa. Nimeona kijana wa bajaji aliyebandika "Damu ya Yesu" kioo cha mbele kwa sababu mwenye bajaji ni mlokole, na kila jioni akikabidhi hesabu anasema "Bwana asifiwe" kwa sauti ambayo kijiweni hatujawahi kuisikia. Mwenye bajaji anaamini ameajiri mcha Mungu.

Haya yote niliyaona rahisi hadi Jumapili moja ya mwaka wa pili, karibu na tarehe 6 Julai, siku ambayo Wamoravian wanamkumbuka Jan Hus. Nilikuwa benchi la nyuma, mahali pangu pa kawaida, bahasha ya sadaka mkononi. Mhubiri akatueleza habari ambazo wenzangu nadhani walishazisikia mara nyingi. Hus alikuwa padri wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Czech. Mwaka 1415, kule Konstanz, alitakiwa akane maandishi yake aachiwe. Akakataa, wakamchoma moto. Nikatikisa kichwa kwa heshima, kama kila mtu.

Kisha mhubiri akaendelea, na hapo ndipo nilipokaa vizuri. Wafuasi wa Hus walianzisha ushirika wao 1457. Mwaka 1620 Waprotestanti wa Bohemia walishindwa vitani karibu na Prague, na hatimaye wakapewa amri ya kuwa Wakatoliki au kuhama. Maelfu walihama. Waliobaki walikwenda misa, wakabatizisha watoto kwa padri, wakapiga ishara ya msalaba, na usiku, dirisha limefungwa, wakatoa Biblia zao mafichoni wakasoma. Hayo yalikwenda miaka mia nzima. Askofu wao Comenius, akiwa uhamishoni, aliomba Mungu ailinde mbegu iliyofichwa. Mwaka 1722 baadhi ya wajukuu wa wajukuu hao walivuka mpaka kuingia Ujerumani, wakajenga Herrnhut kwenye ardhi ya Bwana Zinzendorf, na ndiko walikotoka wamisionari waliofika Rungwe 1891.

Nilihesabu vizazi kwa vidole, nikiwa nimeshika bahasha. Kanisa hili nililoingia kwa uongo lina baba mmoja aliyechomwa kwa kukataa kudanganya, na mabibi na mababu wengi waliodanganya kila Jumapili kwa karne nzima. Tunamkumbuka yule mmoja. Wale wengine hatuwajui hata majina, na bila wao wa kuja Rungwe asingekuwepo. Nilitaka kumgeukia mama mwenye nyumba nimwambie. Alikuwa anasinzia.

Kwa muda fulani habari hiyo ilinipa kiburi. Nikajiona nami ni mbegu iliyofichwa. Ni ujinga, ndiyo. Wale walificha kitu walichokuwa nacho. Mimi nilikuwa naficha chumba kitupu.

Aliyenishusha chini zaidi ni jamaa yangu mmoja wa Kyela. Ni Mwislamu wa kuzaliwa. Alibatizwa Ijumaa, akaoa Jumamosi. Wakwe walitaka iwe hivyo, na yeye alimtaka binti yao. Kila mwezi wa Ramadhani akawa na safari za kikazi zisizoisha. Nilipomtania, alinijibu kwa habari ya Ammar bin Yasir, ambaye Makka walimtesa, wazazi wake wakauawa, hadi akatamka walichotaka. Alikwenda kwa Mtume analia. Akaulizwa moyo wake ukoje, akasema umetulia katika imani, akaambiwa wakirudia, naye arudie. Wafasiri wanaihusisha habari hiyo na aya ya 106 ya Sura an-Nahl, inayomsamehe aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetua.

"Ammar alikuwa mikononi mwa watesaji," nilimwambia. "Wewe ulikuwa mikononi mwa mchumba." Tukacheka sana siku hiyo.

Mwaka wa nne wa ndoa mtoto wao alifariki, hajafikisha hata miezi sita. Ndugu wa mume walitoka Kyela na sanda. Mchungaji wa mke alikuwa ameshafika, na akina mama wameanza nyimbo. Kaka mtu alimwita jamaa yangu pembeni, lakini sote tulisikia: "Huyu mtoto ni wa dini gani?" Hakujibu. Alitazama chini, akatazama turubai. Mke wake alikuwa amekaa mkekani, akainua uso kumtazama, na nikamwona akihesabu, safari moja moja, Ramadhani moja moja. Sikumbuki nani aliamua mwisho wake. Nakumbuka ule uso.

Sijui kama kuna mahali pengine uongo wa dini unaumbuka kama makaburini. Ukiwa hai unaweza kusali wapi unapotaka. Ukifa, au akifa wako, lazima ijulikane kaburi litaelekea wapi, nani atasimama kichwani, na wali utapikwa siku ya ngapi. Jamaa yangu alidhani anayedanganywa ni mkwe. Mkwe alipata alichotaka, jina kwenye cheti cha ubatizo. Aliyelipa ni mwanamke aliyekuwa hajauliza chochote.

Kwa hiyo nikisema wenye funguo ndio wanaonunua uongo, siwezi kuishia hapo. Nilikuwa naishia hapo, kabla ya msiba ule.

Rafiki yangu mwingine, Mkatoliki wa Iringa, alinionyesha Eleazari katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo. (Tulikuwa kwenye kitimoto, jambo ambalo kwa habari yenyewe ni utovu wa adabu.) Eleazari ni mzee wa Kiyahudi wa miaka 90, analazimishwa kula nguruwe. Waliomhurumia wanamshauri alete nyama yake halali, aile tu kama anayekula ile ya sadaka, mambo yaishe. Anakataa. Hoja yake ya kwanza si kwamba Mungu ataona. Anasema vijana wataona, watadhani mzee wa miaka 90 amehamia dini ya wageni, na watapotea kwa ajili ya siku chache za maisha yake. Nilibisha. Nilisema vijana wangemwelewa. Rafiki yangu akauliza, nani alikuwa anakaa na mimi kwenye lile benchi la nyuma?

Alikuwa mjukuu wa mama mwenye nyumba, wa darasa la tano. Alikuwa ananiiga ninavyoinamisha kichwa.

Lakini sasa, hata Eleazari hanimalizii jambo, kwa sababu ya babu yangu. Babu alibatizwa akiwa kijana, enzi za Mwingereza, na kila aliyemuuliza kwa nini, alijibu neno moja: "Kalamu." Shule ilikuwa ya misheni, kalamu ilikuwa shuleni. Akapewa jina jipya, akakariri katekisimu, na tambiko la kwao akalifanya kimyakimya na baba yake miaka mingi baadaye. Alidanganya kwa faida, wala hakuwahi kulipamba. Ila babu niliyemjua mimi, mzee mwenye joho la kuazima siku za sikukuu, alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuomba, hakuna anayemtazama, kwa Kibena, akimwita Mungu Nguluvi. Ule uongo ulikuwa umekwisha siku gani? Nilimuuliza mara moja. Akasema hakuiona siku hiyo ikipita.

Babu alianza na uongo ukamwivia mikononi. Mimi nilianza na kipaimara cha kweli kabisa, nikaishia kwenye kalenda ya mtu. Ukituweka kwenye mizani siku moja tu, siku ya ubatizo wake au ya kipaimara changu, utakosea kwa wote wawili.

Kaka yake mama mwenye nyumba alifariki Tukuyu. Tulikwenda na Coaster, mvua ya kule haina miadi, tukafika viatu vyote udongo. Usiku, kabla ya kulala, wanawake ndani, wanaume kuzunguka moto, mama akaniita mlangoni mbele za watu. "Mwanangu huyu ninasali naye. Tuombee."

Ningeweza kusema sauti imekauka. Niliomba. Maneno yote yalikuwepo, Njombe waliniwekea akiba ya kutosha: mfariji wajane, tupe moyo wa hekima tuzihesabu siku zetu, mwanga wa milele. Niliomba kama dakika tatu, na nilisikia mama analia vizuri, kile kilio kinachoshusha mzigo. Watu wakasema amina. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia nina kipawa.

Sijawahi kujiona mwongo kiasi kile, na sijawahi kuwa na uhakika kwamba nilikosea. Ningemwambia nini pale? Kwamba mlangoni kwake Ilomba, Julai ya mwaka juzi, nilisoma kalenda? Saa ile ukweli wangu ungekuwa anasa yangu mwenyewe, na bili ingemwendea yeye. Wakati wa kuusema ulikuwa pale mlangoni, au Jumapili yoyote kati ya zile mia na zaidi tulizotembea pamoja, yeye akinisimulia bei ya mchele na mimi nikiitikia. Niliuacha ukazeeka hadi ukawa haufai kusemwa.

Nilihamishwa kikazi Makambako mwaka uliofuata, naendelea kuuza pembejeo. Wiki ya kufunga mizigo nilijiandaa kumwambia. Nilipanga hadi sentensi ya kwanza. Nikamkuta uani anachambua maharage, nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikaanza, "Mama, kuna jambo kuhusu kanisa," naye akainuka kabla sijamaliza, akafuta mikono, akaingia ndani, akarudi na bahasha. Alikuwa ameshakwenda ofisi ya ushirika bila kuniambia. Barua ya kunitambulisha huko niendako, ina mhuri, imesainiwa na mchungaji, inasema mimi ni mshirika mwaminifu na nipokelewe.

"Ili usihangaike kuulizwa," akasema.

Barua iko kwenye faili langu la vyeti, kati ya cheti cha kuzaliwa na cha chuo. Makambako nilipata chumba bila kuulizwa kitu. Sijaipeleka kokote, na sijaichana.