Shikamoo ya Saa Nane Usiku

Zamani mwizi wa Kigamboni alikuwa anaitolea jasho riziki yake. Akiiba redio huku kwetu Mjimwema ilimbidi aiviringishe kwenye kanga, apange foleni kivukoni, alipe nauli ya pantoni, kisha avuke maji akiwa amebanana na mwenye redio. Akiona soni, azunguke Kongowe, na safari hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu atafute kazi ya halali. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 tulishangilia sote, na wao wakashangilia. Mita 680 tu, mtu yuko Kurasini na pampu yako ya kisima.

Ukafika msimu tukawa tunaibiwa hata visivyoibika. Vioo vya gari, sawa. Mtungi wa gesi, tumezoea. Lakini jirani yangu mmoja aliepua sufuria la pilau, akaingia ndani kuchukua sinia, kutoka hakuna sufuria wala pilau. Pilau hakulililia. Alilia sufuria, maana lilikuwa la kuazima.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitisha mkutano, akaja na mkaguzi wa polisi wa kata kutufafanulia ulinzi shirikishi. Mkaguzi alisema mengi, ila moja alilirudia mpaka watoto wakalikariri: ukimshika mtu, umfikishe kituoni mzima, na meno yake yote. Kupiga marufuku. Wenye miili wakapangiwa zamu, na asiyetaka kukesha achange shilingi 5,000 kila mwezi. Wapo watakaokwambia waliingia doria kwa uzalendo. Mimi niliingia kwa ajili ya elfu tano.

Kiongozi wa zamu yetu tukimwita Afande, mgambo mstaafu aliyekulia Shinyanga. Sungusungu wa miaka ya 1980 alikuwa anawasimulia kama vile walistaafu juzi, na siku ya kwanza alikuja na upinde. Tukamsihi aurudishe nyumbani. Akaurudisha, ila mishale miwili ikabaki ndani ya buti, eti kwa heshima. Wengine tulikuwa fundi seremala, muuza chipsi, mwalimu wa hesabu aliyekuwa katibu kwa sababu simu yake ndiyo haiishi chaji, na vijana kadhaa waliokuja kwa ajili ya kahawa. Mimi nilikabidhiwa kamba ya manila. Mvuvi mmoja wa pale ufukweni alikuwa amenifundisha fundo la kufungia ngalawa, na nilikuwa nimejisifu hadharani.

Ng'ambo ya mtaro kuna mtaa mwingine, nao wana doria yao. Huko ndiko nilikooa. Kati yetu na wao hakukuwa na ugomvi, ila kila mtaa uliamini wezi wanatokea kwa mwenzake. Tulichoshirikiana ni kundi moja la WhatsApp la kata, ambalo mchana lilikuwa la rambirambi na matangazo ya samaki, na usiku la ulinzi.

Ikafika Jumamosi moja ya giza totoro. Afande alikuwa amepata habari kwamba wezi hukutana kwenye lile pagale lililo katikati ya minazi, mali ya mtu aliyeko Muscat ambaye kila mwaka hutuma hela ya kozi mbili za tofali kisha hunyamaza. Tukapewa neno la siri: ukiitwa “Jahazi!” unajibu “Tanga!” Tukaingia mmoja mmoja kwa kunyata, tukajibanza panapotarajiwa kuwa sebule, tukazima tochi.

Tulikaa. Mbu wa pale hawana mchezo, na kumpiga mbu ni kelele, kwa hiyo tukawa tunawasukuma tu kwa adabu. Kiasi cha saa nane hivi, nyuma ya ukuta wa chumba kikubwa, mtu akapiga chafya. Akafuatia mwingine kunong'ona, “Tuliza pua.”

Hakuna aliyepumua. Afande akamgusa katibu begani. Katibu akajifunika shati kichwani, akaandika kwenye kundi la kata: “Wezi wamo pagaleni. Tumewazingira. Tumeni watu.” Akabonyeza.

Nyuma ya ukuta kukalia: ting!

Kisha ting nyingine. Kisha ya tatu, ya simu mbovu inayokoroma.

Nimeona watu wakishtuka, ila sijaona sura kama ya Afande ilivyomulikwa na kile kisimu. Akatuvuta vichwa pamoja na kunong'ona: “Wezi wamo kundini.” Kila kitu kikajieleza papo hapo. Kumbe ndiyo maana hatuwakamati! Wanasoma zamu zetu, wanajua nani anaumwa, nani kasafiri, nani kaanika nini. Muuza chipsi akakumbuka alivyotangaza humo kwamba amenunua friji, akashika kichwa.

Tukiwa bado kwenye uchungu huo, simu ya katibu ikatetema. Ujumbe mpya kundini: “Nasi tumewasikia. Ni wengi. Wamejificha sebuleni.”

Tukatazamana. Sebuleni tulikuwa sisi.

Hapo akili ya kawaida ingetupa jibu, lakini akili ya kawaida saa nane usiku huwa imelala kwake. Afande akahitimisha kwamba humo sebuleni, katikati yetu, wamechanganyika wezi. Akaanza kutuhesabu kwa kutupapasa. Akamkuta mtu mmoja wa ziada. Akarudia, akamkosa. Mtu wa ziada alikuwa yeye mwenyewe, mara ya kwanza alijihesabu na mara ya pili akajisahau, ila haya tulikuja kuyajua baadaye kwa msaada wa mwalimu wa hesabu. Kwa wakati ule seremala alianza kumtazama kwa mashaka muuza chipsi waliyekua pamoja.

Afande akaamua kumaliza. Akasimama katikati ya pagale, akanguruma:

“Jahazi!”

Kimya. Halafu kutoka chumba kikubwa, sauti nzito:

“Daraja!”

“Nimesema jahazi!”

“Na mimi nimesema daraja!”

“Jahazi!”

“Daraja, au tunawavamia!”

Mpita njia angedhani watu wanabishania usafiri wa kwenda mjini. Kumbe neno lao la siri lilikuwa “Daraja,” na jibu lake “Pantoni,” na wao walikuwa wanangoja pantoni kama sisi tulivyokuwa tunangoja tanga. Filimbi zikalia pande zote mbili kwa pamoja, na pagale likapinduka.

Mimi nilikuwa jirani na tundu la dirisha. Nikaona kivuli kinapanda kinataka kutoka nje. Nikakidaka kiuno, kikarudi ndani, msuli wake ukanasa kwenye nondo iliyochomoza, ukachanika kwa mlio mrefu. Alhamdulillahi, ndani kulikuwa na kaptura. Nikamlaza kifudifudi bila kumpiga, kama mkaguzi alivyoagiza, nikamfunga mikono lile fundo langu la ngalawa. Nilikuwa nalikaza mara ya mwisho ndipo pua yangu ikaniletea harufu ya mafuta ya karafuu. Si karafuu ya biriani. Ile ya kuchua magoti. Chupa yake ni ndogo, ina kizibo chekundu. Najua, kwa sababu niliinunua mimi, nikampelekea mwenyewe Ijumaa ya nyuma yake, nikanywa na uji.

Kisha akakohoa. Kikohozi kile nilikisikia kwa mara ya kwanza siku ya posa, kilipofuata baada ya mshenga kutaja kiasi tulichonacho.

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya fundo. Sikujua la kufanya, nikafanya nililolelewa kufanya.

“Shikamoo, baba.”

Chini pale, uso ukiwa kwenye mchanga, mzee akajibu kwa mazoea ya miaka yote:

“Marahaba. Hawajambo nyumbani?”

“Hawajambo, baba. Magoti yanaendeleaje?”

“Yalikuwa yanaendelea vizuri.”

Nikainama nimfungue. Afande akanizuia kwa rungu. “Mtuhumiwa hafunguliwi mpaka ajieleze!” Nikamwambia huyu ni baba mkwe wangu. Akasema wezi wote ni wakwe wa watu. Basi nikabaki nimemshikilia, tunaulizana hali za wagonjwa wa ukoo, huku pembeni seremala na imamu wa msikiti wa ng'ambo wakiwa wamekamatana mashati, kila mmoja anamwambia mwenzake yuko chini ya ulinzi.

Gari la polisi lilifika kwa kuitikia jumbe zote mbili. Askari akamulika tochi, akatutazama mmoja mmoja, akauliza: “Nani kamkamata nani?” Pande zote zikanyoosha mikono. Akatoa daftari, akaandika mstari, akaufuta, akalirudisha mfukoni.

Ndipo Afande aliporuhusu mzee afunguliwe, na fundo likagoma. Nikavuta huku, nikavuta kule, likazidi kukaza. Ngalawa haifungwi ili ifunguke kirahisi. Mzee alikuwa ananitazama tu. Askari akalikata kwa kisu.

Nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni, simu sikioni, mama yake hewani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa upole, “Umemfunga baba kamba?” na ule upole ndio ulionitia hofu. Mshenga wetu, mzee aliyeamini kazi yake iliisha siku ya harusi, akarudishwa kazini. Tukaenda naye na msuli mpya, kanzu, na kilo kadhaa za changu wa asubuhi ile. Mama mkwe akapokea samaki kwanza, ndipo akaitikia salamu.

Kikao cha mitaa yote miwili kilifanyika wiki ile ile, na saa nzima ya mwanzo ilikwenda kwenye muhtasari. Watu wa ng'ambo walitaka iandikwe kuwa wao ndio waliotukamata, kwa sababu walitangulia kuingia pagaleni. Sisi tukasema aliyetangulia kujificha ndiye wa kushukiwa zaidi. Katibu mwishowe aliandika kwamba “wananchi walikamatana,” na akidi ikapiga makofi.

Kuhusu neno la siri, “Jahazi” lilishindwa kwa kura chache na Afande hakuzungumza tena mpaka chai. Baada ya hapo ikaamuliwa kila zamu ichanganye watu wa pande zote mbili. Mwenyekiti akauliza nani yuko tayari kukesha na nani. Baba mkwe wangu akasimama, akajitengeneza msuli mpya, akaninyooshea bakora.

“Mimi nipangeni na huyu.”

Ukumbi ukatulia. Mwenyekiti, kwa uangalifu, akamuuliza mzee kama ana hakika.

“Nina hakika,” akasema. “Fundo lake halifunguki. Ila kamba nitashika mimi.”