Simu saba, neno la leo

Baridi ya Julai hapa Uyole, Mbeya, haina huruma. Jioni hiyo tulikuwa tumejibana sebuleni kwa mama mmoja wa ushirika wetu kwa ibada ya nyumba kwa nyumba. Jiko la mkaa katikati, dirisha limeachwa wazi kidogo tusije tukalala moja kwa moja, na kila mtu amekumbatia kikombe chake cha chai ya tangawizi. Mzee wa kanisa akakohoa, akasema, "Kabla ya wimbo, kijana wetu ametutengenezea programu ya neno la leo kwenye simu. Nani atusomee?"

Dada mmoja wa kwaya akaanza kusoma Zaburi. Hajamaliza, jirani yake akamtazama: "Mbona mimi nina Isaya?" Wa tatu akasema yake ni Warumi. Tukahesabu: simu saba, mistari saba. Mwenye nyumba, ambaye simu yake ni kiswaswadu cha tochi, akainuka taratibu, akatoa kijitabu kilichokunjamana nyuma ya redio, akalamba kidole, akatafuta tarehe ya siku hiyo na kusoma. Wote tukaitikia amina. Mzee akanigeukia: "Sasa mwanangu, katika hayo yote, neno la leo ni lipi?"

Nikaangalia chai yangu.

Riziki yangu ni kuandika programu. Ninakaa Mbeya, wengi ninaowafanyia kazi wako Dar es Salaam, na wiki nzima ninashinda na hesabu za vikoba, stoo za mbolea na risiti. Ile ya kanisani niliifanya bure, kwa usiku mbili, tena kwa kujiamini kulikopitiliza.

Kilichotokea ni hiki. Kompyuta yenyewe haijui kupiga kura. Ukiiambia ichague namba yoyote, inachukua namba ya kuanzia, ambayo sisi tunaiita mbegu, inaipitisha kwenye hesabu ndefu, kisha inatoa namba inayoonekana kama imedondoka kutoka hewani. Mbegu ikiwa ileile, mavuno ni yaleyale hata urudie mara elfu. Mimi mbegu yangu ilikuwa saa ya simu, hadi vipande vya sekunde, kwa hiyo kila aliyefungua alivuna chake. Ningepanda tarehe badala ya saa, simu zote zingetoa mstari mmoja bila hata kuhitaji bando. Ni kurekebisha mstari mmoja wa programu, basi.

Ningependa kuishia hapo na kusema ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa. Nilitaka iwe hivyo. Juu ya kioo nilikuwa nimeandika kwa herufi za dhahabu, "Neno lako la leo". Katika kazi yetu tumefundishwa kwamba kitu kizuri ni kile kinachomjua mtumiaji mmoja mmoja: habari zake, muziki wake, matangazo yake. Nilidhani ninawapa watu zawadi.

Wamoravian wenzangu watanielewa nikisema aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu neno la kila siku ndiyo mila yetu hasa. Lilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, katika kijiji kidogo cha wakimbizi wa imani kwenye ardhi ya bwana mkubwa mmoja, Zinzendorf. Kila asubuhi ndugu walipita na neno moja nyumba hadi nyumba, nyumba 32, mvua ama theluji. Kuanzia mwaka 1731 likawa linachapwa kitabuni. Mpaka leo mistari ya Agano la Kale hupatikana kwa kura: mkono unaingia kwenye bakuli lenye mafungu zaidi ya 1,800, na kazi hiyo hufanyika miaka mitatu kabla. Maana yake neno alilosoma yule mama sebuleni kwake lilikuwa limeshaokotwa bakulini wakati mimi sijawaza hata kuandika programu yoyote ya kanisa.

Hapo ndipo swali la mzee liliponishika. Kura hana shida nayo, babu zake wa imani waliipiga. Mashine nayo hana shida nayo, anatuma sadaka kwa simu kuliko hata mimi. Shida yake ilikuwa ndogo na nzito: bakuli la Herrnhut linatoa moja kwa ajili ya wote. Mtu wa Rungwe, kule wamisionari walikofika mwaka 1891 kupitia Ziwa Nyasa, anasoma mstari ule ule na mtu wa Herrnhut, siku ile ile. Ukikutana naye njiani unaweza kumuuliza ameuelewaje. Programu yangu ilipiga kura vizuri sana, ila ilimnyima kila mtu mtu wa kumuuliza.

Tangu hapo nimekuwa mkaidi kidogo kuhusu jambo hili, na ukaidi umehamia hadi darasani.

Jumamosi ninafundisha vijana kuandika programu katika chumba cha nyuma ya kanisa. Tulianza na kompyuta mpakato nne za mtumba, vijana 19. Vurugu tupu! Watano mashine moja, wanabishana, wanasukumana, mmoja anashika kibodi, wanne wanapiga kelele "siyo hapo, rudi juu". Nilikuwa natoka pale kichwa kinauma. Baadaye tukapata mashine nyingine, na wengi wakawa na simu zao zenye akili mnemba inayojibu chochote. Chumba kikatulia kama maktaba. Nikafurahi kwa wiki tatu.

Wiki ya nne niliuliza swali ubaoni: mstari wa saba unafanya nini? Wakanitazama. Mstari wa saba wa nani? Kila mmoja alikuwa na programu yake, imeandikwa na mashine kwa namna yake, na zote zinafanya kazi. Hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake kwa sababu hakuna aliyekuwa amekwama mahali pamoja na mwenzake. Mimi mwenyewe nilikuwa nazunguka kama daktari wa wodi, kila kitanda na ugonjwa wake.

Siku hizi tunaanza na ubao. Programu moja, chaki, wote tunaisoma kwa sauti, kama kwaya inavyosoma nota za sol-fa kabla ya kugusa maneno: do, re, mi, na besi wakikosea wote wanarudi mwanzo. Mashine zinafunguliwa saa ya pili.

Nisidanganye kwamba zamani ilikuwa safi. Wale watano kwa mashine moja, walioshika kibodi walikuwa wavulana karibu kila mara. Kulikuwa na binti mmoja aliyemaliza mwezi mzima bila kidole chake kugusa hata kitufe, na mimi sikuona, nilikuwa nasikiliza kelele na kuziita kujifunza. Kushiriki kitu kimoja kunaweza kuwa jina zuri la wachache kushika na wengine kuchungulia. Kwa hiyo sasa kuna sheria: anayeandika haruhusiwi kuwaza, anayewaza haruhusiwi kuandika, na kila dakika kumi wanabadilishana. Wanaichukia. Inafanya kazi.

Binti huyo huyo ndiye aliyenipa neno bora kuliko yote niliyowahi kutumia kufundishia. Nilikuwa nahangaika kueleza jinsi ya kuiambia kompyuta irudie sehemu fulani mara kadhaa. Nimejaribu "kitanzi", wamenitazama kama nazungumzia mbuzi. Akasema, "Si kiitikio tu? Beti zinabadilika, kiitikio kinarudi." Darasa zima likaelewa kwa mara moja, maana hakuna kijana wa kanisani Mbeya asiyejua kiitikio. Kile kinachohifadhi thamani inayobadilika tunakiita sado, ile ndoo ndogo ya kupimia sokoni: leo ina mchele wa Kyela, kesho viazi, jina lake linabaki sado. Kuna watakaosema haya si maneno rasmi. Sawa. Lakini kijana aliyesoma msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, halafu aje kwangu Jumamosi nimbebeshe tena msamiati mpya, huyo nimemfukuza kabla sijamfundisha. Neno "kishikwambi", yaani tableti, nalo lilichekwa, mpaka makarani wa sensa ya mwaka 2022 walipopita navyo mlango kwa mlango. Leo hakuna anayecheka.

Programu ya neno la leo niliirekebisha. Nilikwenda kwa mchungaji kuomba ruhusa, nikapewa, nikakaa kuchapa kijitabu cha mwaka 2024 siku moja moja kwa mkono. Simu zote sasa zinatoa neno moja. Na kwa wenye viswaswadu, watu tisa, ninawatumia ujumbe mfupi kila alfajiri. Yule mama wa Uyole alisema haumhitaji, kijitabu anacho. Ila nimtumie tu, ahakikishe kama tunasoma sawasawa. Neno likiwa sahihi ananibipu. Mlio mmoja, anakata. Vijana wamenishauri niongeze sehemu ya kuchagua neno kulingana na hali ya moyo: mwenye huzuni apate la faraja, mwenye mtihani apate la ushindi. Nimekataa. Mwenye huzuni asome la wote, akishindwa kulielewa agonge kwa jirani.

Alhamisi moja bipu haikuja. Saa mbili asubuhi simu ikaita kabisa, akatumia salio lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hili ulilonitumia ni la kesho."

Nikamwambia haiwezekani, programu inahesabu siku yenyewe tangu Januari mosi, haikosei.

"Haya," akasema, "ihesabie Februari."

Nilikuwa ndani ya daladala, tunaingia Mafiati, konda ananidai nauli. Nikafungua orodha. Tarehe 28, kisha Machi mosi. Nilikuwa nimetumia jedwali la tarehe za mwaka uliotangulia, nikairuka siku nzima, na siku yenyewe ndiyo hiyo, 29 Februari. Ushirika wote ulikuwa umeamka na kusoma neno la kesho, isipokuwa mtu mmoja.

Nikampigia kumwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa. Haikupokelewa. Alikuwa ameshakwenda shambani, kiswaswadu kimebaki nyumbani.